Kikapu Kilichoanzia Mdomoni

Sisi tuliokua kabla ya simu kuonyesha njia tulisafiri bila kujua twendako. Nilipokuwa na miaka tisa Mama alinitoa Machakos: ndege mbili, meli iliyonitapisha, kisha basi lililokatiza mashamba ya kijani mpaka nikamshuku dereva kwamba amepotea. Tukashukia mashambani Ireland, ambako Mama alikuwa amepata kazi ya kuuguza wazee.

Jirani yetu aliitwa Donal, mzee wa mwisho pale kusuka vikapu vya kubebea mboji, ule udongo mweusi waliouchimba, wakaukausha na kuuchoma kama kuni. Asubuhi ya kwanza tulimwona akichomeka fito ardhini, kazipanga mraba, huku akijisemea. Mama akafunga pazia.

"Huyo anazindika boma kwa uganga. Usikanyage kwake!"

Kwa Mama, aliyesuka viondo tangu utotoni, kikapu huanzia kitakoni. Cha Donal kilianzia mdomoni, kikakua kichwa chini, kitako kikafungwa mwisho. Mtu wa kufanya mambo kinyumenyume hivyo, alisema Mama, ana lake jambo.

Nikawa nakwenda kwa siri. Fito mbichi zilinukia, sweta la Donal lilijaa moshi wa mboji. Naye alinishuku.

"Nani kakutuma? Watu wa kodi?"

Alinifundisha kusuka mbavu, lakini kila tulipokaribia kitako alinifukuza. "Nenda kwenu, mpelelezi wewe!" Nami nilitaka kitu kimoja tu duniani: kuona kitako kinavyofungwa.

Wanangu hapa Perry Barr, Birmingham, hawaelewi. "Baba, just watch a video," wananijibu, macho kwenye simu. Video hizo nimezitazama. Kila fundi anafunga kivyake, tena anatabasamu mno, siwaamini. Enzi zile mtu aliificha kazi yake kwa sababu ilikuwa na thamani.

Siku tuliyohama kuja Birmingham, gari likiwa mlangoni, Donal aliniita. Kikapu kilikuwa tayari, kitako wazi.

"Njoo uone. Unakwenda mbali, hutaninyang'anya wateja."

Akakunja fito ya kwanza, ya pili. Mama akatokea mbio, kiondo begani, akiita jina langu. Donal akavuta gunia, akafunika kikapu chote.

"Mbele ya huyo, hapana," akaninong'oneza. "Nimeuona mfuko wake. Huyo anajua kusuka."

Mama akanishika mkono, tukaondoka.