Upande wa Kushoto

Kwa mwaka mzima nilikuwa nauawa kutoka kushoto. Nazungumzia mchezo wa kompyuta, ule wa vita ambao mimi na wenzangu wawili wa kiwandani tulikuwa tunacheza Jumapili alasiri, kila mtu akiwa kwake. Adui akitokea kulia, simwachi. Akitokea kushoto, nashtukia niko chini na wenzangu wananicheka kwenye hedifoni.

"Wee, si alikuwa anakanyaga mabati hapo kando yako! Ulikuwa umelala?"

Sikuwa nimelala. Nilikuwa na hasira, maana mimi hushindana hata kwenye foleni ya maji. Nikaamua kosa ni la kompyuta. Niliinunua ikiwa imeshatumika kwenye ofisi fulani, na sauti yake ilikuwa ya kuandikia barua, si ya vita. Wenzangu wakanishauri niweke kadi ya sauti, kile kipande kinachochomekwa ndani ya kompyuta, ndipo sauti itoke safi na nyayo za adui zijulikane ziko upande gani.

Wakati huo mama yangu alikuwa anaishi nami Kaloleni, kwenye nyumba ile ile ya kanjo, yaani ya kukodi kwa halmashauri ya jiji, aliyotulelea. Baba alikuwa mtu wa reli. Alipostaafu walihamia nyumbani, magharibi, nami nikabaki na nyumba. Baba alipofariki, mama akaja Nairobi kutibiwa goti. Goti likapata nafuu, yeye akakaa, miezi ikapita, nami nikazoea kutoka kazini nikute chai iko tayari na mtu wa kunisemesha. Nilipenda sana. Sikumwambia, kwa sababu kwetu hatuambiani mambo kama hayo.

Wiki ile niliponunua kadi, mama alianza kufunga mizigo. Jumamosi anarudi nyumbani, alisema. Nilipomuuliza sababu, akajibu, "Shamba haliwezi kukaa bila mtu." Shamba lilikuwa linalimwa na binamu yangu, tena vizuri kuliko mama alivyowahi kulilima. Nikajua amenichoka.

Kweli tulikuwa tumeanza kukwaruzana. Alikuwa akikaa kwenye kile kiti kilicho kushoto kwa meza ya kompyuta, anasema jambo, kisha anainuka ghafla na kwenda jikoni. "Wewe husikii," ananiambia akipita. Mimi tangu utotoni nilikuwa mtoto asiyesikia: nikitumwa dukani napitia mpira, nikikatazwa kupanda ukuta napanda. Nilikuwa nimelizoea neno hilo kama salamu. Kama anataka kwenda, aende, mimi si mtu wa kubembeleza. Lakini kila nikiona lile begi lake mlangoni, roho iliniuma.

Alhamisi nilifunga kadi mwenyewe. Nikafungua kompyuta, nikapuliza vumbi, nikaichomeka kadi mpaka ikalia ka, nikakaza skrubu, nikaweka programu yake. Kuna mahali pa kujaribu sauti: ukibonyeza, kengele inalia kushoto, kisha kulia. Nikavaa hedifoni, nikabonyeza. Kushoto kimya. Kulia, kengele safi kabisa. Nikabonyeza tena na tena, nikamtukana aliyeniuzia, huku mama ananitazama tu na kukunja nguo zake.

Ijumaa baada ya kazi nikabeba kompyuta nzima hadi kwa huyo aliyeniuzia, fundi mmoja mzee, miwani yake imefungwa kwa uzi, ambaye alikuwa akitengeneza redio kabla kompyuta hazijafika mtaani. Nilifika nimejiandaa kwa ugomvi.

"Mzee, umeniuzia kadi iliyokufa upande mmoja."

Hakubishana. Aliwasha kompyuta, akavaa hedifoni, akajaribu, kisha akanipa nivae mimi. "Unasikia nini?"

"Kulia tu."

"Haya, sasa zigeuze. Ile ya kushoto iwe kulia."

Nikazigeuza. Akabonyeza. Ile kengele niliyodhani imekufa ikalia waziwazi kwenye sikio langu la kulia. Nikangoja ya pili. Nikaendelea kungoja, mpaka nikaona fundi ameshaondoa mkono kwenye kompyuta.

"Kadi iko fiti, madam," alisema taratibu. "Kwani unafanya kazi wapi?"

Nikamwambia. Kiwanda cha misumari, Industrial Area, miaka kumi na mmoja, mashine iko kushoto kwangu. Tena kile kizibo cha kuzuia kelele, cha sikio la kushoto, huwa nakitoa, ndiyo nimsikie msimamizi akiniita. Hakunilaumu. Alisema niende hospitali nikapimwe, akanifungia kompyuta yangu vizuri. Niliogopa, sifichi. Nilitembea kurudi nyumbani nikisugua vidole kando ya sikio hilo, na ilikuwa kama nasugua goti.

Mama alikuwa anafunga begi kwa kamba. Nikaweka kompyuta chini.

"Mama, sisikii."

"Hilo nalijua. Tangu ukiwa mdogo."

"Siyo hivyo, mama. Sikio. Hili la kushoto halisikii kitu."

Akaachilia kamba. Alikuja kushoto kwangu, akaniinamia. Nilihisi pumzi yake shingoni, lakini maneno hayakufika. Kisha akazunguka polepole akaja upande wa kulia.

"Kwa hivyo hukunisikia siku ile ukiosha sufuria," alisema.

"Siku gani?"

"Nilisimama hapo kando yako nikakuuliza kama naweza kukaa na wewe moja kwa moja. Ile nyumba ya huko ni kubwa, na baba yako hayuko. Naogopa. Nilikuuliza mara mbili. Ukaendelea tu kuosha sufuria, nikaona hilo ndilo jibu."

Nikamwambia aulize tena. Akaona haya, akanipiga kofi dogo begani, akasema mimi ni mjinga. Halafu akanisogelea sikio la kulia, akauliza. Nilijibu kabla hajamaliza, kwa sauti kubwa mno, mpaka jirani wa upande wa pili wa ukuta akapiga kelele kuuliza kuna nini.