Chai ya Msusi Mpya

Kwa miaka mingi mama mmoja wa mtaa wa Chatsworth alikuja kusukwa kwangu, katika saluni yetu ya katikati ya Durban, na kila mara alikunywa chai yangu ya tangawizi. Kisha akaja msusi mpya, dada kutoka Bujumbura, na chupa yake ya chai ya roibosi, yale majani mekundu ya Afrika Kusini, iliyochemshwa kwa karafuu na maganda ya machungwa. Harufu ilijaa saluni nzima.

Siku moja yule mama, kichwa chake kikiwa mikononi mwangu, akamwambia yule dada, "Mwanangu, nionjeshe hiyo yako." Akanywa vikombe viwili. Kile cha chai yangu kikapoa mezani. Nilivuta nywele zake mpaka akaguna, "Polepole, mama."

Yule dada akanimiminia na mimi. Ilikuwa tamu kuliko nilivyoogopa.

"Iko sukari mingi," nikasema.

"Sijatia sukari, dada," akajibu kwa upole.

Mama akacheka. Nikanywa yote, huku nikimchukia yule dada kwa kila funda. Jioni nilinunua roibosi, karafuu na machungwa, nikachemsha na kuchemsha tena nyumbani. Ilitoka chungu, nikaimwaga.