Karwirwa na Mablanketi ya Mama Kaberia

Ukifika Githongo, kijiji cha huku mlimani, ukamuulizia Karwirwa, watakuuliza, "Karwirwa yupi? Yule wa begi?" Basi ndiye huyo. Mama wa miaka arobaini na sita, mfupi, mwenye mwendo wa haraka na mdomo wa haraka zaidi. Ana miti mia mbili ya kahawa na ng'ombe mmoja msumbufu, na juu ya hayo yote ni mhudumu wa afya wa kijiji, wa kujitolea. Kujitolea maana yake bure, tena bure kabisa, usije ukafikiri kuna kitu anaficha. Alipewa mafunzo ya wiki mbili, begi la kijani, kipimajoto, daftari, na nyumba sitini za kutembelea mlimani, mvua inyeshe isinyeshe.

Na jamani, watu walimsumbua! Shida ilikuwa swali lake. Akiingia nyumba yenye mtoto anayechemka mwili, kabla hata ya kukaribishwa chai, anauliza: "Wiki tatu zilizopita mtoto huyu amelala wapi?" Haanzi na kikohozi, haanzi na tumbo. Amelala wapi. Wanaume walicheka. Wanawake walinuna, maana ni mama gani anapenda kuhojiwa habari za kulala mbele ya mama mkwe? Pale fakitri, kile kiwanda cha kahawa, watu wakiwa kwenye foleni ya kupimiwa mavuno, mzee mmoja aitwaye Kathuri alikuwa akimpigia kelele kutoka mbali, "Karwirwa, mimi jana nimelala kwangu, andika!" Foleni nzima ikivunjika mbavu. Yeye anacheka nao, halafu wiki inayofuata anauliza vile vile.

Alikuwa na sababu yake, ila hakupenda kuisema. Miaka ishirini nyuma alimzika kifungua mimba wake, Murithi, mtoto wa miaka miwili. Walikuwa wameshuka Mitunguu, kule chini kwenye joto na mbu, kumsaidia kaka yake kuvuna nyanya, wakalala huko siku tano, wakarudi nyumbani wazima. Siku ya kumi mtoto akashikwa na homa. Huku juu kwenye kahawa baridi ni kali, mbu humwoni, na homa ya mtoto kila mtu anajua ni ya baridi. Wakamfunika. Wakawasha moto. Wakafunga dirisha. Walipomfikisha hospitali siku ya nne, daktari aliuliza mtoto alikuwa amelala wapi, na Karwirwa alipojibu, daktari akashika kichwa. Malaria ilikuwa imeshapanda ubongoni. Kwa hiyo waache wacheke. Angewauliza mpaka wazeeke.

Sasa, hapo kijijini palikuwa na mtu mmoja ambaye hakucheka wala hakununa. Yeye alimdharau tu. Huyo ni Ntinyari, Mama Kaberia, mwenyekiti wa akina mama kanisani, miaka sabini kasoro, mgongo wima. Alilea watoto tisa na wote tisa wako hai, na hilo hakuchoka kulitaja. "Tisa," alikuwa akisema, huku amenyoosha vidole vyote isipokuwa kimoja. "Na hakuna aliyekuja kwangu na begi."

Ndiyo maana Karwirwa aliposikia kwamba mjukuu wa Ntinyari, Mukiri wa miaka mitatu, ana siku mbili hajaonekana uani, hakungoja kuitwa. Alijua anakwenda vitani. Akabeba begi lake saa nne asubuhi, akapanda kilima akijisemea njia nzima, "Usibishane naye, Karwirwa. Chonde chonde, usibishane naye."

Mlango ulikuwa umefungwa. Alipofunguliwa, mvuke ulimpiga usoni. Dirisha limezibwa kwa gunia, jiko la makaa linawaka katikati ya chumba, na kando yake sufuria ya majani ya mkaratusi inatokota. Kitandani palikuwa na rundo la mablanketi matatu, na juu ya rundo kofia ya sufu. Chini ya kofia ndipo ulipokuwa uso wa Mukiri, midomo imekauka, macho nusu wazi. Mama yake, Virginia, msichana wa Runyenjes aliyeolewa na Kaberia miaka minne iliyopita, alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akikunja na kukunjua leso yake.

"Mama Murithi, karibu," Ntinyari alisema bila kusogea. "Lakini huku hatujaita mtu. Ni homa ya baridi. Akitoka jasho leo, kesho utamwona anacheza."

"Asante, Mama Kaberia. Hebu kwanza tulitoe hilo jiko nje, moshi wa makaa unaua hata mtu mzima." Na kabla hajajibiwa Karwirwa alikuwa ameshalibeba jiko, amelitua uani, amerudi, na amelivuta gunia dirishani. Kutobishana kulikuwa kumekwisha, na hata dakika mbili hazijapita.

Akampima mtoto. Thelathini na tisa na nukta nane. Akaanza kutoa blanketi la kwanza, la pili, sweta, kofia.

"Wewe!" Ntinyari alisimama. "Unataka kumuua na baridi mbele ya macho yangu?"

"Mwili wake unawaka, mama. Ukimfunika, joto litapita wapi? Mwache na kishati kimoja. Mama Mukiri, lete maji ya uvuguvugu na kitambaa, na kikombe cha uji mwepesi. Anakunywa?"

"Kidogo kidogo," Virginia akanong'ona.

"Ametapika kila kitu? Amepata degedege, amekakamaa mwili? Shingo inageuka?" Virginia alitikisa kichwa kwa hayo mawili ya kwanza, akaitikia lile la shingo. Karwirwa alishusha pumzi. Alipima dawa ya kushusha homa kwa uzito wa mtoto, akamnywesha polepole kwa kijiko. Kisha akauliza. "Wiki tatu zilizopita mtoto huyu amelala wapi?"

"Haya basi, tumefika!" Ntinyari alipiga makofi. "Kila mtu aliniambia utauliza. Amelala hapa. Na siku nne alikuwa Runyenjes kwa nyanya yake. Sivyo, Virginia?"

"Ndiyo, mama," Virginia akasema. Alisema akiangalia leso.

Karwirwa alimtazama. Runyenjes ni juu, kuna chai na kahawa kama hapa. Kama ni Runyenjes, basi huenda Ntinyari alikuwa na haki na ni mafua tu, yatapoa kwa maji na mapumziko. Lakini ile leso ilikuwa imekunjwa mpaka imekuwa kamba. Karwirwa alijua ile hofu. Alijua pia kwamba Kaberia anatunza migomba ya familia kule Mitunguu, anapanda nyumbani mara moja kwa mwezi, na kwamba Ntinyari alishasema mbele ya watu kwamba mke anayemfuata mume shambani ni askari wa kumchunga, si mke. Ukiunganisha mambo hayo, huhitaji mafunzo ya wiki mbili.

Angeweza kumvuta Virginia nje wakaongea wawili. Alifikiria hivyo, na hapo hapo Mukiri akaanza kutetemeka. Kitanda kizima kikawa kinagonga ukuta.

"Unaona!" Ntinyari alilia, akishika blanketi. "Baridi! Nilisema!"

"Mama Mukiri," Karwirwa alisema, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa upole wake. "Mimi nilikuwa na mtoto anaitwa Murithi. Alitetemeka hivi hivi. Sikuulizwa alilala wapi mpaka siku ya nne, na siku ya nne ilikuwa imechelewa. Leo ni siku ya ngapi kwako?"

"Ya pili," Virginia akasema, kisha akaanguka magotini mbele ya mama mkwe wake. "Mama, nisamehe. Hatukwenda Runyenjes. Tulikuwa Mitunguu kwa Kaberia. Tulilala kwenye kile kibanda cha shambani, hakina neti. Zimepita siku kumi na mbili sasa tangu turudi. Nilimmiss, mama, ndiyo makosa yangu yote."

Ntinyari alikuwa amesimama na blanketi mikononi, mdomo wazi, na Karwirwa aliona hasira ikimpanda kutoka shingoni.

"Kunigombeza utanigombeza, na yeye utamgombeza," Karwirwa akasema haraka. "Mna miaka yote ya kugombana. Mtoto hana hata leo nzima. Ninaita boda boda."

Walikwenda watatu juu ya pikipiki moja, dereva, Virginia na mtoto, na Karwirwa akafuata kwa nyingine, begi kifuani. Ntinyari alibaki. Alisema haendi kuaibishwa mbele ya wauguzi. Pale dispensari nesi alimchoma Mukiri kidoleni, akadondosha damu kwenye kile kipimo kidogo, Virginia akakaa na mtoto kwenye benchi kusubiri. Karwirwa hakuweza kukaa. Alisimama, akatembea, akasimama tena. Mistari miwili ikatokea.

"Malaria," nesi akasema. "Kali haijawa. Mmeikamata mapema. Mtoto wa huku juu hana kinga ya malaria hata kidogo, mngengoja kesho kutwa tungekuwa tunaongea mengine."

Virginia alilia. Karwirwa akatoa daftari lake, akaandika. Mukiri alipewa dozi ya kwanza pale pale, imeyeyushwa kwenye kijiko cha maji, na zilizobaki tano za kumaliza nyumbani: moja baada ya muda wa saa nane, kisha asubuhi na jioni, siku tatu kamili. Akitapika kabla ya nusu saa, dozi irudiwe. Akikataa kunywa kabisa, akishikwa na degedege au akilegea asiamke, warudi mbio bila kungoja mtu.

Usifikiri mambo yalinyooka hapo. Kesho yake, Jumanne asubuhi, Mukiri alitapika dawa dakika kumi baada ya kuimeza, na Ntinyari akaondoka chumbani akisema hata tumbo la mtoto linajua dawa hii si yake. Karwirwa, aliyekuwa amekuja kumtazama, aliirudia dozi, na safari hii ikakaa. Kisha akashuka dispensari kwa miguu kuomba nyingine ya kufidia. Mchana homa ikapanda tena, thelathini na tisa, na aliporudi alikuta blanketi moja limesharudi kitandani na Ntinyari amekaa juu ya pindo lake.

"Imerudi," Ntinyari akasema. "Dawa yako imeshindwa. Ondoka sasa, nimtunze mtoto wangu."

"Inapanda na kushuka mpaka dawa iimalize. Ikifika Alhamisi haijashuka, nitambeba mwenyewe mgongoni mpaka hospitali kubwa. Lakini leo blanketi hili linatoka."

"Nimelea tisa!"

"Ndiyo, mama, umelea tisa, na kijiji kizima kinakuheshimu kwa hilo, hata mimi. Ulishuka nao Mitunguu ukalala huko?"

Ntinyari aligeuka kumtazama Mukiri. Siku za kulea wale tisa familia haikuwa na shamba kule chini, ile migomba ilipandwa Kaberia akiwa ameshaota ndevu. Tisa wake wote walikulia kwenye baridi, na homa zao kweli zilikuwa za baridi. Aliyawaza hayo, mkono wake ukiwa juu ya mguu wa Mukiri uliokuwa unachoma. Mwishowe aliinuka, akalivuta blanketi, akalikunja mara nne na kulipeleka chumba kingine. Aliporudi alikuwa na beseni la maji ya uvuguvugu.

"Kitambaa nakiweka wapi?" akauliza. "Kwapani au kichwani?"

"Kwapani na shingoni, mama."

"Sawa. Usinifundishe sana."

Tangu hapo hakuondoka kitandani. Yeye ndiye aliyekuwa akihesabu saa za dawa kwa redio, na yeye ndiye aliyempigia Kaberia simu huko Mitunguu. Virginia alijibanza nyuma ya mlango kusikiliza, akingoja kuangamia. "Nunua neti leo," Ntinyari alikuwa anafoka. "Kubwa, ya watu watatu! Unamlaza mkwe wangu na mjukuu wangu kwenye kibanda wazi, wewe ni mtu? Mwezi ujao wakija huko nataka kusikia neti imefungwa." Virginia alirudia maneno yale kichwani mara mbili kabla ya kuyaamini.

Jumatano alasiri Karwirwa alifika akamkuta Mukiri ameketi kitandani, nywele zimesimama, amekasirika. Hataki uji. Uji ni mbaya. Anataka ndizi ya kuchoma, tena yote, asikatiwe nusu. Karwirwa alimpima. Thelathini na sita na nukta saba. Akampima tena. Ile ile.

"Dozi ya mwisho ni jioni," aliwaambia. "Hata akiruka kamba, ameze. Msiache moja."

Ntinyari alitoka uani, akasimama kwenye ukingo wa shamba, pale unapoona bonde zima na watu wakichuma kahawa, akaweka mkono mdomoni, akapiga vigelegele. Akapiga tena. Akapiga tena, vile vigelegele vya kutangaza mtoto aliyezaliwa, virefu, vya mtu mwenye mapafu ya kwaya ya kanisa. Bonde lote liliinua vichwa. Wanawake walitupa ndoo, wakapanda mbio wakishika sketi, wakiulizana ni nani amejifungua hapo kwa Mama Kaberia, na mimba yenyewe ilikuwa wapi.

"Nani amezaliwa?" wa kwanza akauliza, akihema.

"Mukiri," Ntinyari akasema, machozi yanamtiririka wazi wazi na hayafuti. Akamshika Karwirwa mkono, akamvuta mbele ya wote. "Mimi nilikuwa ninamuua kwa mikono hii, na huyu amemzaa upya. Haya, pigeni vigelegele, mnangoja nini? Mpigieni mkunga wake!"