Nilimkalisha Wifi Yangu Mbele ya Tela, Nikakataa Kushusha Magunia Manne

Jina langu siandiki, na kama utanijua kwa maneno haya, nyamaza nalo. Mkosaji ni mimi. Si dereva, si barabara, si shetani. Nimechoka na hawa wanaokuja kunipoza eti ajali haichagui mtu. Hii ilimchagua mtu, na aliyechagua ni mimi, kwa mdomo wangu huu.

Mimi ni mama wa hapa Ifakara, nanunua mpunga vijijini. Nina pawatila, lile trekta dogo la kushika kwa mikono, na tela yake ya tani moja. Kila mtu atakwambia tani moja ni magunia kumi. Sawa, lakini magunia ya kilo mia. Na mimi tangu nianze biashara hii sijawahi kumnunulia mkulima gunia la kilo mia. Nanunua lumbesa. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, linaongezewa kipande juu, linashindiliwa tena, ndipo linashonwa. Mkulima akilalamika najifanya sisikii.

Halafu nikifika kwenye tela nahesabu magunia! Kilo sizihesabu. Wakati mizani ninayo stoo, na wakati wa kuuza naing'ang'ania kuliko roho yangu. Wakati wa kubeba siijui. Huo ni ujinga au ni roho mbaya? Mimi nimeamua ni vyote viwili.

Siku hiyo tulikuwa Kisawasawa, mimi, dereva wangu, na wifi yangu Agnesi, dada wa mume wangu, aliyekuja kunisaidia kushona magunia. Mpunga wakulima walikuwa wameukusanya uwanjani kwa mzee Masanja, Msukuma mmoja mwenye mashamba na ng'ombe wengi. Wifi alimwamkia shikamoo vizuri. Mimi nilipitiliza kama sijaona mtu.

Magunia yalikuwa kumi na manne, lumbesa tupu. Wapakiaji wakayarundika nyuma, maana ndiko rahisi kupandishia, na mbele nilitaka nafasi ya kukaa watu. Dereva alipowasha na kuvuta, tela ikalalia nyuma, pawatila ikanyanyuliwa, magurudumu yakazunguka bure.

"Mama, kumezidi," dereva akasema. "Tushushe manne, na haya mengine tuyasogeze mbele."

Mzee Masanja akasogea. "Yaache hapa kwangu, dada. Nitayaingiza ndani, kesho uyafuate."

Nilichomjibu naona aibu kukiandika, ila nakiandika. Nilimwambia, "Ng'ombe zako zimeshatumalizia mashamba, leo unataka niziachie na magunia?"

Mzee wa watu akarudi nyuma. Wifi akanivuta kanga. "Wifi, jamani, huyu ni mtu mzima."

Sikumsikiliza. Nikamwambia, "Wewe si una mwili? Kaa hapo mbele ukandamize, tuondoke."

Akacheka, Agnesi wangu. "Leo mimi ndiyo jiwe?" Akapanda, akakaa ukingoni jirani na dereva, miguu inaning'inia pale tela inapoungana na pawatila. Kila msimu watu wanafanya hivyo bondeni humu, na ndiyo maana hakuna aliyepiga kelele. Mimi mwenye mali nikachukua bodaboda nikafuata nyuma, kwa raha zangu.

Kwenye tambarare ilienda. Tulipoanza kushuka kwenda kwenye kijito, dereva akakanyaga breki, lakini breki ya pawatila itazuia nini mzigo ule? Magunia yakateleza kuja mbele, tela ikaisukuma pawatila, pawatila ikajikunja kando. Dereva aliruka. Wifi hakuwahi. Mguu wake ukabanwa katikati ya vyuma, na mimi niko nyuma kwenye pikipiki naona kila kitu.

Hospitali waliukata chini ya goti.

Nilipoingia wodini nilitaka anitukane. Anizabe kofi, aniite muuaji, ningepumua. Aliniangalia tu, akasema taratibu, "Wifi, si ungeyaacha tu yale manne." Mpaka leo hajaongeza neno juu ya jambo hilo. Mume wangu anasema ni mapenzi ya Mungu. Majirani wanasema ndivyo alivyoandikiwa. Acheni! Mungu alimtuma dereva akasema, akamtuma na mzee Masanja, mimi nikawafukuza wote wawili.

Na mpunga je? Nilijua umekwisha, umebaki umemwagika pale kijitoni. Wifi alipotoka hospitali, mzee Masanja alikuja nyumbani na mkokoteni wa ng'ombe. Alikuwa ameyaokota magunia yote, na uliomwagika ameuzoa na kuupepeta. Akashusha, akaondoka. Kesho yake akarudi na mengine. Safari mbili, kutoka Kisawasawa.

Sikujua niweke wapi uso. Nikampigia magoti, nikamwamkia, kisha nikamuuliza kwa nini hakuyaleta yote mara moja, amejichosha bure.

"Yote yangewaumiza ng'ombe, dada," akasema.

Wifi alikuwa amekaa mlangoni na magongo yake. Alisikia. Akainamisha kichwa, akaanza kulia, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona akilia tangu siku ile.

Basi nyie mnaopakia mpunga msimu huu, msiniambie nimepata somo, mimi sina somo, nina hasira. Jana tu nimeona tela inapita hapa kwangu na mama mmoja amekalishwa mbele, anacheka vilevile. Nilitoka nje nikapiga kelele mpaka wakaniona kichaa. Pimeni mizigo yenu. Sogezeni mzigo mbele, usilalie nyuma. Ukizidi, ushusheni, muuache kwa yeyote aliye jirani, hata yule msiyempenda. Mimi niliona heri nimbebeshe wifi yangu mzigo ambao mzee Masanja aliukataa kwa ng'ombe wake.