Kaya Namba Kumi na Nne

Riziki, jirani yangu hapa Ziwani, aliwahi kuwa Kaya Namba Kumi na Nne. Namba hiyo alipewa na watafiti wa chuo kikuu, waliokuja kupima kama kochoko, yaani mabibo yaliyokaushwa juani, zinaweza kunenepesha mbuzi wakati wa kiangazi. Kaya ishirini tukapewa maelekezo: kausha, twanga, mpe mbuzi kikombe kimoja asubuhi. Wakaahidi kwamba zikifaa, mradi utarudi kutujengea vichanja vya kuanikia kijiji kizima.

Mimi nilifuata maelekezo. Mbuzi wangu walinusa, wakapiga chafya, wakaniachia kikombe changu. Kochoko zina ukakasi, hata ulimi wa mtu unajikunja. Riziki akazitendea kama tunavyotendea mihogo michungu: akaziloweka siku mbili, akamwaga maji, akazianika upya ndipo akatwanga. Mbuzi wake walikula mpaka wakalamba kikombe.

Hakuficha. Fredi, kijana wa chuo aliyekuja na mizani kila baada ya wiki mbili, aliambiwa mbele yangu.

"Mwanangu, mimi naziloweka kwanza."

"Sawa, mama," Fredi alisema, macho kwenye mizani. "Wewe fuata tu maelekezo."

Hakuandika kitu. Nilitamani kumnyang'anya kalamu.

Kisha kimya, miaka miwili. Riziki alivitaka vile vichanja kuliko sisi sote, maana alijua kochoko zinafaa. Alimuuliza mtendaji wa kijiji majibu ya utafiti hadi yule bwana akawa anabadili njia akimwona. Hata mimi nilichoka kumsikiliza, nakiri.

Msimu huu akaja mwanafunzi mwingine, Sabra, binti mwenye adabu, na kishikwambi chake, kwa utafiti mpya na namba mpya za kaya. Kabla hajakaa vizuri mkekani, Riziki akamtaka amtafutie majibu ya mbuzi. Sabra akatafuta, akaipata ripoti, akatusomea: mbuzi hawakuongezeka uzito, kochoko hazifai, mradi umefungwa.

"Na Kumi na Nne?" Riziki akauliza.

Sabra akateremsha kwa kidole, akasita. "Iliondolewa kwenye hesabu, mama. Uzito wa mbuzi wake ulizidi mno wa kaya nyingine. Wameandika huenda mizani ilikosea, au mfugaji hakusema kweli."

Mimi nilishikwa na hasira.

"Nilisema," Riziki akasema. "Niliziloweka, na nilisema. Haya, mwanangu, wewe andika sasa. Siku mbili majini."

Sabra akakitazama kishikwambi, akapekua mbele na nyuma. Ukweli ni kwamba alitafuta pa kuandika.

"Samahani, mama. Fomu hii ni ya kuku."

"Sifugi kuku."

Sabra akabonyeza Hapana, na kishikwambi kikaishukuru Kaya Namba Tisa kwa ushirikiano wake.