Kuku wa Darasa la Mwalimu Kasiva

Mwalimu Kasiva alizaliwa Tulia, akaolewa Ikutha, na kwa miaka kumi na tisa amefundisha watoto ambao bado wanavaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Amewafuta kamasi watu ambao leo ni manesi na madereva wa malori. Wakikutana naye sokoni wanamwita Tisha, kama walivyomwita mwalimu wao darasani, mbele ya wake zao, naye hujibu kwa madaha kama chifu.

Muhula huu aliamua watoto wa PP2, darasa la mwisho la chekechea, waangue vifaranga darasani. Nyumba kadhaa zilileta yai moja au mawili, mama mkwe wake akamwazima kuku wa madoadoa mwenye hasira za karibu, na Ijumaa moja kuku akalazwa kwenye karai la mchanga na nyasi kavu, nyuma ya mlango. Walimu wengine walicheka. Mtoto wa Ikutha aende shule kuangalia kuku? Kasiva hakuwajali. Alijua kwamba nyumbani mtoto akisogelea kuku anayelalia anafukuzwa kwa mwiko, na yeye alitaka hawa wake waone kila kitu kwa macho yao.

Jumatatu ya wiki ya tatu alikuja Gedion, muuzaji mbuzi, babake Muthoki. Hakukaa.

"Mwalimu, mimi sitaki maneno mingi. Kila jioni nauliza huyu mtoto, kuku ya shule iko na mayai ngapi? Ananyamaza tu. Hajui kuhesabu! Ijumaa nakuja kumtoa, nampeleka ile akademi ya huko stendi."

Maneno hayo yalimchoma Kasiva mpaka ndani. Katika miaka kumi na tisa hakuna mzazi aliyewahi kumtoa mtoto mikononi mwake, na huyu Muthoki ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika kila kitu.

Gedion alipoondoka, aliwakusanya watoto mbele ya karai. "Haya, kuku wetu ana mayai mangapi?"

Watoto ishirini na wanane, ambao kwa kawaida hawanyamazi hata kwa maombi, walitazama vidole vya miguu yao.

"Muthoki?"

"Tisha, susu alisema mayai ya kuku akilalia hayahesabiwi. Yataoza."

"Hata susu wetu!" wengine wakadakia. Kumbe kila mmoja ana nyanya nyumbani, na nyanya wote wamesema neno moja.

Kasiva alicheka hadi akashika ubao. Yeye mwenyewe alilelewa hivyo hivyo, na amri hiyo alikuwa ameisahau kabisa. Angeweza kumpigia Gedion simu amweleze, lakini alijua angeonekana anatafuta kisingizio. Na kumlazimisha mtoto amvunjie susu wake heshima hakutaka kabisa. Basi wakahesabu siku: punje kumi na saba za mahindi kwenye chupa kwa siku zilizopita, kisha kila asubuhi punje moja. Siku hazikuwa na mwiko.

Ijumaa punje zilifika ishirini na moja. Kasiva alifika mapema, roho juu juu, akasikia sauti nyembamba kabla hajafungua mlango. Saa mbili darasa zima lilikuwa limepiga magoti, na vifaranga walikuwa wakichungulia chini ya mbawa za mama yao, wengine bado na unyevu. Hapo ndipo Gedion akaingia, kofia kichwani, ufunguo wa pikipiki mkononi.

"Muthoki, chukua begi."

Mtoto hakugeuka. Kidole chake kilikuwa kikifuata vifaranga mmoja mmoja. "Kumi na moja," akasema kwa sauti ya kutosha watu wote. "Bado tatu."

Gedion alisimama pale pale. "Bado tatu? Kwani yalikuwa ngapi?"

"Kumi na nne."

"Na nikikuuliza nyumbani si unanyamaza!"

"Hayo yalikuwa mayai, baba. Susu alikataza mayai, hakukataza vifaranga. Mimi nilihesabu ndani ya roho tu, sikutoa kwa mdomo."

Kasiva aliziba mdomo kwa kiganja. Hesabu za kutoa alikuwa bado hajawafundisha. Hiyo ni kazi ya darasa la kwanza. Mtoto alikuwa ametoa kumi na moja kwenye kumi na nne mwenyewe, na amri ya susu wake akaitii wiki tatu nzima. Fahari ilimpanda Kasiva hadi macho yakamwasha, wala hakuona haya.

"Baba Muthoki," akasema polepole, "wewe mbuzi zako jioni unahesabu kwa sauti?"

Gedion alitazama sakafu, kisha binti yake. Kicheko kikamponyoka.

"Mwalimu, hata mimi nahesabu nikiwa nimenyamaza. Ni huyo huyo susu yake, mama yangu, alinifunza."

Akavua kofia, akajibana kwenye kiti cha PP2, magoti yakamfika kidevuni.

"Sasa hizo tatu," akamuuliza binti yake, "tunangoja mpaka saa ngapi?"