Koti Lililokwenda Ulaya

Siku hiyo tulikuwa tunaanua vitunguu. Wekesa alikuwa amevitandaza uwanjani tangu asubuhi, na mawingu yalipoanza kuteremka kutoka mlimani akanipigia kelele kwamba alinioa kwa ajili ya mikono, si uso, kwa hiyo niitumie. Nikamjibu kwamba mimi nilimkubali kwa huruma tu. Mama yake, aliyekuwa akipepeta maharagwe kule nyumbani kwake ng'ambo ya ua, alicheka mpaka akapaliwa.

Wekesa alikuwa amevaa koti lake la mtumba, la sufu, rangi ya udongo, refu mpaka magotini. Alilinunua soko la Chwele, na alipenda kusema kwamba mwenyewe wa kwanza alifia Ulaya akamwachia urithi. Kwetu, chini ya Mlima Elgon, baridi ya jioni haina mzaha. Koti hilo lilikwenda shamba, likaenda kanisani, na usiku likawa blanketi letu la juu.

Vita vilikuwepo tayari, lakini tuliviona kuwa vya watu wengine. Vijana walikuwa wameingia msituni na bunduki kwa ajili ya ugomvi wa mashamba. Tulisikia majina ya waliochukuliwa, tukasema maskini, tukaendelea kupalilia. Siku hizi najiuliza tulikuwa tunangoja nini. Penye moshi hapakosi moto, na sisi moshi tuliuona kila wiki ukipanda kutoka vijiji vya juu.

Mvua ilianza. Nilikuwa nimeingia ndani na kapu la mwisho, mwanetu Simiyu mgongoni, Wekesa aliponifuata na kufunga mlango polepole. Nilijua kwa jinsi alivyoufunga.

Alitusukuma nyuma ya magunia ya mahindi. Akavua koti, akatufunika.

"Usitoke," akasema. "Hata nikikuita, usitoke."

Akatoka na shati.

Nilisikia vijana wa msituni wakimuuliza yuko upande gani. Akasema yuko upande wa vitunguu. Namjua, alitaka kuwachekesha.

Hakuna aliyecheka.

Simiyu akaanza kulia. Nikampa titi.

Kisha Wekesa akaniita. Mara moja.

"Nafula!"

Sikutoka.

Mpaka leo sijui kama aliniita kwa kulazimishwa au kwa hiari yake, kama aliomba msaada au aliaga. Nilikaa chini ya koti, nikanusa jasho lake na moshi wa kuni, nikambana mtoto kifuani. Waliichoma nyumba kwa upande wa jikoni. Moshi ulipotuzidi nikatokea nyuma, nikakimbilia kwenye migomba. Uwanjani hapakuwa na mtu. Mvua ilikuwa imefuta nyayo zote.

Tulishuka kwenda mjini na watu wengine, mimi, mtoto na mama mkwe wangu, tukalala kwenye sakafu ya kanisa. Vita vilipokwisha, wanaume wa ukoo walikwenda kumtafuta Wekesa msituni. Walirudi mikono mitupu, wakaenda tena, kisha wakaacha.

Kwetu mtu akipotea hivyo, na wazee wakikubaliana kwamba amekufa, hukatwa shina la mgomba kutoka bomani kwake, likavishwa nguo yake, likazikwa kama mtu. Ndipo watu hulia kilio cha haki, na mjane akajulikana kuwa mjane. Mama alitaka hivyo. Alisema hawezi kutangulia yeye na kumwacha mwanawe akitangatanga mvuani na shati. Tatizo ni kwamba nguo zote za Wekesa ziliungua na nyumba. Lilibaki koti tu, na koti lilikuwa kwangu.

Nilipopata kazi ya nyumbani Dubai, nilimwacha Simiyu alelewe na Mama, nikalificha koti kwenye begi, nikapanda nalo ndege. Watu husema walikuja huku kutafuta riziki. Nami pia, sikatai. Lakini nilikuja vilevile kumkimbia mama wa watu. Bila koti hakuna mazishi, na bila mazishi Wekesa hajafa. Hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo.

Nilifanya kazi mtaa wa Al Barsha, kwa madam mmoja Mwingereza aliyeishi na baba yake mzee. Huyo mzee nilimwita sir. Miguu yake ilikuwa imechoka, na kazi yangu kubwa ilikuwa yeye: kumwogesha, kumvisha, kumsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu. Chumba changu kilikuwa kando ya jiko. Koti nililiweka chini ya kitanda ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Ijumaa, ambayo huko ndiyo siku ya mapumziko na ya ibada, nikitoka kanisani, niliufungua kidogo nikanusa kola. Jasho lilikuwepo. Moshi ulikuwepo. Nikaufunga haraka ili visiishe.

Rafiki yangu Rispa, mlinzi kwenye ile mall kubwa karibu na kwetu, alinikuta siku moja nikifanya hivyo.

"Wewe Nafula, na hii joto yote, unaweka winter coat? Unangoja snow ianguke Barsha?"

Nikamweleza. Akaacha kucheka.

"Aki mpelekee mama yake," akasema. "Huyo mama ni mzee."

Mama alipiga simu kila mwezi. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililonichoma.

"Mama Simiyu, koti liko?"

"Liko, Mama."

"Utakuja nalo lini?"

"Kafeel hajaniruhusu, Mama."

Ulikuwa uongo. Madam aliniambia mara mbili nichukue likizo niende nikamwone mwanangu. Mama hakujua kwamba kafeel ni mwajiri tu anayekudhamini huku. Nadhani alimdhania kuwa aina fulani ya jini, maana aliniambia anamwombea alegeze moyo.

Kisha ukafika mwaka ambao Wazungu walikuwa wanaadhimisha miaka mia tangu vita vyao vikuu vya kwanza. Sir alikuwa na mjomba aliyefia huko Ubelgiji, kaka wa mama yake, na zamani alikuwa akienda kila mwaka. Sasa alitaka kwenda mara ya mwisho. Tukaenda watatu, yeye, madam, na mimi wa kusukuma kiti. Madam alinipa jaketi lake la zamani likanibana mabegani. Nikavaa koti la Wekesa. Nikisema ni kwa sababu ya baridi tu nitakuwa naongeza uongo juu ya uongo. Nilitamani kuwa ndani yake tena.

Nilidhani uwanja wa vita nitaujua kwa macho. Niliyoyaona yalikuwa mashamba ya viazi na ng'ombe waliotulia, na katikati yake mawe meupe yaliyopangwa safu kwa safu, na nyasi zilizokatwa vizuri kuliko za hoteli yoyote ya Dubai. Madam alibaki garini akiongea na ofisi. Nilimsukuma sir mpaka kwenye ukuta mrefu ulioandikwa majina ya wale ambao miili yao haikuonekana. Akanionyesha jina la mjomba wake, juu sana. Kisha akaniambia twende kwenye mawe, akahesabu safu kwa midomo, tukasimama mbele ya jiwe moja ambalo halikuwa na jina.

"Hili ni letu," akasema.

"Lakini halina jina, sir."

"Mama yangu alikuja hapa baada ya vita. Alihitaji mahali pa kupiga magoti, akachagua hili. Tumelitunza tangu wakati huo."

"Na kama si yeye?"

"Basi ni mtoto wa mama mwingine. Naye pia anahitaji kuogeshwa."

Alikuwa amebeba brashi laini na chupa ya maji. Kutoka kwenye kiti hakuweza kulifikia jiwe, akanipa mimi. Nikapiga magoti kwenye tope, nikasugua ukungu wa kijani kuanzia juu kushuka, kama ninavyomsugua yeye mgongo. Mvua ya rasharasha ikaanza. Nilipofika chini ya jiwe nilikuwa ninalia. Sikulia machozi tu, nilitoa sauti. Nilimlilia kijana wa Kizungu nisiyemjua jina kilio ambacho mume wangu nilikuwa nimemnyima. Aibu ilinishika hapohapo, na bado sikuweza kunyamaza.

Sir aliniacha nilie. Nilipotulia akauliza, "Wako ni nani?"

Nikamweleza habari za Wekesa, na mgomba, na mama yake. Habari za koti sikumweleza, ingawa nilikuwa nimelivaa mbele yake, pindo lote limejaa udongo.

"Shina la mgomba," akarudia, bila kucheka. Akalitazama jiwe lake. "Ni kitu kilekile. Na mama yake yu hai?"

"Yu hai, sir."

"Kwa nini basi unamsubirisha?"

Nilimkasirikia mpaka tulipofika uwanja wa ndege. Ukweli ukiwa mdomoni mwa mtu unayemvisha soksi unauma zaidi.

Tuliporudi Dubai, Rispa alikuwa anajiandaa kwenda nyumbani kwa likizo. Ningeweza kuomba ruhusa twende pamoja. Nafasi ilikuwepo, na nauli ilikuwepo. Sikuomba. Niliamua kulituma koti, mimi nibaki. Kwa mara ya pili nilijificha nyuma ya magunia.

Lakini koti lilikuwa na udongo wa Ubelgiji. Kwetu udongo wa makaburi ya watu hauingizwi bomani. Ukikanyaga matanga ya wengine unanawa miguu kabla ya kuvuka ua, seuze kumzika mtu na tope la wafu asiowajua. Nilikusudia kusugua pindo peke yake. Nikaanza hivyo, kwa brashi, kwenye sinki la nyuma. Nikaona doa kwenye mkono, nikalisugua. Nikaona kola imekuwa nyeusi. Nilikuwa nimefua nguo za watu kwa miaka, na mikono yangu ilikuwa na akili yake. Nililitia koti lote kwenye mashine, nikaiweka kwenye alama ya sufu kama madam alivyonifundisha, nikamimina na dawa ya kulainisha nguo, ile ya maua. Nilijisifu hata. Nilisema, kwa nini watu waseme kwamba kitu kimetoka Dubai na kimefika kichafu?

Nililikausha kivulini, nikalipiga pasi juu ya kitambaa, nikalikunja.

"Hii si ile koti," Rispa akasema alipolipokea. "Inakaa mpya." Nikafurahi.

Siku aliyolifikisha, Mama alinipigia simu.

"Mama Simiyu, limefika."

"Mungu ashukuriwe, Mama."

Kisha nilisikia kitambaa kikikwaruza simu, na pumzi yake ikivutwa ndefu, ikivutwa tena. Kabla hajasema neno nilikuwa nimeshajua. Niliketi kwenye sakafu ya jiko.

"Umelifua?"

"Lilikuwa na udongo, Mama. Udongo wa makaburi ya watu. Sikutaka kuuleta bomani."

"Lote?"

"Lote, Mama."

"Na kola?"

Miaka yote ile mimi nilikuwa nikifungua mfuko kila Ijumaa nikimnusa mwanawe, na yeye aliyemzaa alikuwa akingoja zamu yake. Alingoja apate mara moja tu, kabla ya kumtia ardhini. Nilimmaliza Wekesa mimi mwenyewe, nikammalizia na maua.

"Linanukia maua," Mama akasema, kana kwamba amenisikia. Akapumua. "Si neno, mwanangu. Hata maiti huoshwa. Tutamzika akiwa safi."

Walizika Jumamosi. Simiyu alishika simu ili nisikie. Nilisikia jembe, nikasikia wimbo, nikasikia Mama akiita jina la mwanawe, kisha udongo ukianguka kwa kishindo kizito kuliko nilivyotarajia. Shina la mgomba lina maji mengi, lina uzito wa mtu. Nilikuwa chumbani kwangu Al Barsha na mfuko wa plastiki mtupu mapajani. Niliufungua nikaingiza uso. Ulinuka plastiki.

Sir alikufa mwaka uliofuata. Nadhani hakuna anayelisugua lile jiwe sasa, ila labda watunzaji wa pale. Mama naye alitangulia kabla sijapata ujasiri wa kwenda nyumbani, na nilipokwenda hatimaye nilikuta makaburi mawili yamekaa bega kwa bega chini ya migomba. La Mama lilikuwa limeinuka bado. La Wekesa lilikuwa limedidimia, maana mgomba huoza upesi.

Simiyu, ambaye sasa ni mrefu kuliko baba yake, alitaka kunisindikiza. Nilimwomba abaki uani. Nilivua viatu, nikasimama pale kwenye bonde dogo la udongo, nikamwita Wekesa kwa jina lake, mara moja, kwa sauti ile ambayo mtu aliye ndani ya nyumba angeisikia.

Kisha nikangoja, kama alivyoningoja.